Barua kwa mwanangu: sifuri inayopotea

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ujifunze nini kwanza kwenye kompyuta kabla hujaanza kazi ya mapokezi na kumbukumbu kwenye kliniki. Wengi watakuhimiza kasi ya kuchapa. Mimi nasema anza na usahihi, kwani kompyuta inaweza kubadilisha ulichoandika bila kukuuliza, na anayeumia ni mgonjwa.

Fungua Excel, programu ya majedwali, andika namba ya faili 004718, bonyeza Enter. Utaona 4718. Programu imeichukulia kama hesabu, na katika hesabu sifuri za mwanzo hazina kazi. Namba za simu nazo hupatwa na hayo hayo. Kwa hiyo chagua safu wima nzima na uiweke kwenye muundo wa maandishi kabla ya kuingiza chochote. Ukichelewa, sifuri zilizopotea hazirudi. Kwa kisanduku kimoja, tanguliza ritifaa: '004718.

Tarehe ni hatari zaidi. 03/04/2024 mashine moja huisoma 3 Aprili, nyingine 4 Machi, kulingana na nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio yake. Ijaribu kwa 25/04/2024: ikiegemea kushoto mwa kisanduku, mashine hiyo inatanguliza mwezi, haikuitambua kuwa ni tarehe. Omba irekebishwe kabla hujaandika tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote.

Halafu kupanga majina kwa alfabeti. Ukichagua safu ya majina peke yake, majina yatahama na majibu ya vipimo yatabaki palepale, kila jibu kwa mtu asiye wake. Programu ikiuliza kama ipanue eneo ulilochagua, kubali. Majina yakishahama peke yake, bonyeza Ctrl+Z papo hapo ili kutengua, kabla hujahifadhi.

Unapomtafuta mgonjwa, usiridhike na jina. Linganisha pia tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili. Kwenye barua pepe, soma anwani yote kabla ya kutuma, maana programu hujimalizia jina lenyewe na huenda si yule. Ukiinuka kitini, hata kwa dakika moja, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L ili skrini ijifunge.

Kuchapa kutakuja: vidole vya shahada juu ya F na J, penye vijinundu, dakika 20 kila siku, bila kutazama kibodi.

Wiki hii tengeneza jedwali la wagonjwa 30 wa kubuni, wawili wakiwa na jina moja. Lipange, lihifadhi, lifunge, ulifungue tena, kisha uniandikie sifuri zako zimebaki ngapi.

Mama yako