Baada ya Arobaini: Kwa Mama Mpya Asiyeona

Mwenzangu unayetarajia mtoto wa kwanza, au uliyekwisha kujifungua na bado umo ndani ya siku zako arobaini, nakuandikia kutoka Wete, Pemba, nikiwa mama wa watoto watatu ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Uoni uliniondoka nikiwa na umri wa miaka 9, baada ya surua kali, kwa hiyo nilipoolewa nilikuwa nimeshazoea kupika, kufua na kutembea peke yangu. Nisilolizoea lilikuwa kubeba dhamana ya kiumbe asiyeweza kusema kinachomuuma, katika nyumba iliyojaa watu walionipenda lakini walioamini kwamba nisingeweza kumlea.

Katika siku hizo arobaini utahudumiwa. Mama yako atakuwapo, wifi atakuwapo, mtu wa kukukanda atakuja na maji yake ya moto, na mtoto atapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kurudi kwako. Hiyo ni huruma ya watu wetu na usiikatae. Hata hivyo, siku zikitimia wengi watarudi makwao, na asubuhi ya kwanza utakayobaki peke yako na mtoto ndipo utakapojua kama majuma yale uliyatumia kumjifunza mwanao, au uliwaachia wengine wamjifunze badala yako. Mimi kwa mtoto wa kwanza niliwaachia. Alikoshwa na bibi yake kila siku, nami nikaletewa akiwa amekwisha kupakwa mafuta na kuvishwa, nimnyonyeshe tu. Siku bibi alipoondoka sikujua hata namna ya kuishika shingo yake akiwa na majimaji, na nilimkosha kwa kitambaa kikavukavu kwa muda wa siku tatu huku nikilia, kwa sababu niliogopa kumtia katika beseni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokusihi ni hili: anza kumkosha mwenyewe tangu juma la kwanza, na bibi yake akae pembeni. Keti chini juu ya mkeka, beseni liwe mbele yako na maji yawe machache. Yapime kwa kiwiko, kwani vidole vya mpishi vimezoea moto na havisemi kweli. Kichwa cha mtoto kilale juu ya mkono wako wa kushoto, vidole vyako vikiwa vimemshika kwapani upande wa mbali, na mkono huo usimwachie mpaka atoke majini. Taulo, mafuta na nguo viwe upande wa kulia, kwa mpangilio uleule kila siku. Mkono wa kulia upite mikunjo yote, shingoni, nyuma ya masikio, kwapani, mapajani, na utasikia upele au joto la mahali pamoja mapema kuliko jicho litakavyouona. Jambo hili nimelishuhudia zaidi ya mara moja, mimi nikisema kuna vipele na wenye kuona wakisema hakuna, mpaka kesho yake.

Msaada utauhitaji, na ni lazima ujue kuuomba. Watu wetu wakimwona mama asiyeona amebeba mtoto, hukimbilia kumpokea. Ukiwazoesha hivyo, mtoto atatuliza kilio kwa kila mtu ila kwako. Mimi nilijifunza kuomba macho na kubaki na mikono yangu. Badala ya kumwambia wifi, "Nisaidie mtoto," humwambia, "Niangalizie macho yake yana rangi gani, kisha nirudishie." Tofauti ni ndogo kwa maneno, lakini katika malezi ni kubwa, kwa kuwa maneno ya kwanza yanampa wifi kazi ya mama, na ya pili yanamtaka shahidi tu.

Na yako mambo ambayo bila macho ya mtu hayajulikani. Kubwa katika juma la kwanza ni ngozi na macho ya mtoto kugeuka rangi ya manjano. Vidole havilitambui jambo hilo hata kidogo, kwa hiyo kila siku ya juma hilo muombe mtu mwenye kuona amtazame mtoto mchana, nje au karibu na dirisha, si kwa mwanga wa taa, na akisema manjano yapo basi mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kitovu kinapokauka, na choo chenye damu. Usione haya kuuliza. Mama anayeona naye humwuliza jirani.

Lakini mambo mengi ya maradhi yako mikononi mwako, na ningependa ujiamini katika haya. Pumzi za mtoto huhesabiwa. Mvue nguo, weka kiganja juu ya tumbo lake akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, weka simu inayosema ikupimie dakika moja kamili, uhesabu kila tumbo linapopanda. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akifikia pumzi 60 au zaidi kwa dakika, rudia kuhesabu; ikiwa bado ni 60 au zaidi, ndiyo dalili ya hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka afikie mwaka, kiwango ni 50, na kuanzia mwaka mmoja mpaka miaka 5 ni 40. Hivi ndivyo wahudumu wa afya wanavyofundishwa kupima kichomi, na hesabu hii haihitaji jicho. Ukisikia chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kuhesabu tena, nenda. Utosi nao husema: gusa utosi wa mwanao kila siku akiwa mzima na amekaa wima, uujue ulivyo, ili akiharisha utambue ukidumbukia, kwa maana hapo maji yamempungua. Na kama unajiuliza iwapo anashiba, sikiliza anavyomeza, uhesabu nepi. Baada ya siku ya tano mtoto anayenyonya vya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku.

Kuhusu dawa niseme kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo nilipokaribia kukosea. Dawa ya maji usiipime kwa kijiko. Omba dukani bomba la sindano lisilo na sindano, kisha mtu mwenye kuona avute kipimo alichoandika daktari na akate alama ndogo kwa kisu kwenye kijiti cha bomba, pale kinapoingilia. Baada ya hapo ukucha wako utaisoma alama hiyo miaka yote. Kipimo kikibadilika kwa sababu mtoto amekua, bomba la zamani litupwe. Pakiti ya chumvichumvi ya kuharisha iliyoandikwa lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, kwa hiyo weka chupa moja iliyothibitishwa kuwa ni ya lita moja, ifunge uzi shingoni, na isitumike kwa kazi nyingine. Nami nilikuwa nikizifuata saa za dawa kwa adhana, mpaka mfamasia mmoja aliponifahamisha jambo lililonishtua: kutoka alasiri hadi magharibi hazifiki saa 3, ilhali kutoka isha hadi alfajiri ni kama saa 9, na dawa iliyoandikwa kila baada ya saa 6 haiwezi kwenda hivyo. Adhana ni ya sala. Dawa itegeshee kengele ya simu.

Anapoanza kutambaa, nyumba hubadilika. Vitu vyako viwe na mahali pamoja, na kila mgeni anayeingia ajue kwamba kisu kilichotolewa pale hurudi palepale. Mlango wa uani, jikoni kwetu, niliwekewa ubao wa kufika magotini, nami huuruka kwa hesabu ya hatua. Seredani iko mbali na ubao huo kiasi cha hatua nne, na mpini wa sufuria hutazama ukutani. Ninapokaanga, mtoto hayumo mgongoni wala hayumo uani. Kwa kazi nyingine zote mbeleko ndiyo rafiki yangu mkubwa, na nakushauri umbebe mgongoni badala ya mbele, ili fimbo yako nyeupe ipate nafasi ya kupiga kushoto na kulia.

Kila mtoto wangu alipoanza kutembea nilimfunga njuga ndogo mguuni. Shangazi yangu mmoja alichukia, akasema mtoto hafungwi kama mbuzi, nikamweleza kwamba mwenye macho humtazama mwanawe mara mia kwa siku bila kujua, na hizo njuga ni kutazama kwangu. Hata hivyo usizitegemee peke yake. Siku moja mwanangu wa pili, akiwa na umri wa mwaka na miezi miwili, alikuwa akicheza nyuma yangu nikikuna nazi, na njuga zikanyamaza. Sikusikia kilio wala kishindo. Kimya kile ndicho kilichoniinua juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji, nikamkuta amesimama kwa ncha za vidole, mikono yote miwili imezama mpaka mabegani na kidevu kimeshagusa maji. Tangu siku hiyo hapana chombo cha maji kinacholala wazi nyumbani kwangu; ndoo ina kifuniko na jiwe juu yake, na beseni likimaliza kazi humwagwa papo hapo na kufudikizwa.

Kulisha uji ni rahisi kuliko unavyodhani. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kiwe chini ya kidevu, nacho kitakuambia anapofungua kinywa. Nguo nazo hazina taabu: shona kishikizo kidogo upande wa ndani, kimoja kwa mkubwa, viwili kwa wa kati, na pindo za kanga zitiwe nyuzi za mafundo.

Mazungumzo yanataka subira zaidi. Mtoto huanza kujibu kwa kutikisa kichwa kwa sababu wote waliomzunguka wanamwelewa. Wangu niliwaambia tangu mapema, "Kwa mama, kichwa hakisemi, sema kwa kinywa," na kabla ya kutimiza miaka 2 kila mmoja wao alikuwa akinishika mkono na kuuweka juu ya kitu anachokitaka. Usikasirike anapokuonesha picha ukutani. Muombe akusimulie, na msikilize mpaka mwisho.

Nimefika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Mtoto wako mkubwa si macho yako. Binti yangu alipotimiza miaka 7 nilikuwa nimekwisha kumgeuza kuwa fimbo yangu bila kukusudia: ndiye aliyenishika bega kwenda sokoni, ndiye aliyenisomea kadi ya kliniki ya mdogo wake, ndiye aliyeniambia noti ni ya shilingi ngapi. Watu walimsifu kwa utiifu na mimi nikaona fahari. Kisha mwalimu wake akanieleza kwa upole kwamba muhula ule alikuwa amekosa siku nyingi za skuli, na karibu zote ni zile siku nilizokuwa na safari ya Chake Chake. Nilirudi nyumbani, nikaketi ukumbini, sikula. Kuanzia juma lililofuata nilikwenda mwenyewe, mimi na fimbo yangu, nikapanda gari ya abiria baada ya kumwuliza konda kwa sauti inakokwenda, na fedha nikazipanga kabla ya kutoka: noti zetu huongezeka urefu kidogo kidogo kutoka 1,000 mpaka 10,000, nami huikunja kila aina kwa namna yake. Binti yangu akinifuata siku hizi ni kwa kupenda kutembea na mama, na siku za mapumziko tu.

Utakutana pia na watu watakaoutilia shaka umama wako mbele ya uso wako. Katika kituo kimoja cha afya muuguzi alimgeukia wifi yangu, mimi nimempakata mtoto, akamwuliza, "Na huyu atalelewa na nani?" Wifi alinyamaza, nami nikajibu kwamba mama yake ndiye mimi, na maelezo ya dawa nipewe mimi. Ni vyema ujue kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaeleza katika kifungu cha 23 kwamba mtoto hatotenganishwa na mzazi kwa sababu ya ulemavu, uwe wa mtoto au wa mzazi, na kwamba nchi itoe msaada unaofaa kwa wazazi wenye ulemavu katika malezi. Sikuyajua hayo siku ile. Laiti ningeyajua, sauti yangu isingetetemeka.

Mtoto wako atakapoandikishwa skuli, na chuoni, yaani madrasa, vilevile, nenda mwenyewe katika juma la kwanza, uzungumze na mwalimu ana kwa ana. Mwombe kwamba kila tangazo linaloandikwa kwenye daftari akutumie pia kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, na mpe namba yako, si ya jirani. Jioni mtoto akusomee daftari lake kwa sauti, mstari kwa mstari, huku kidole chako kikiwa juu ya kidole chake kinapopita katika ukurasa. Utasikia anapokwama, maana kidole husimama kabla ya sauti.