Jibu: Sulhu ya Imam Hasan haikuvunja uimamu wake

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umekwama hapa: ikiwa Imam Hasan, mwana wa Imam Ali na mjukuu wa Mtume, aliteuliwa na Mwenyezi Mungu, aliwezaje kufanya sulhu na kumwachia mpinzani wake Muawiya, gavana wa Sham, utawala mwaka 41 Hijria (661)?

Kwanza angalia aliachia nini. Kwetu Mashia, uimamu si kiti. Imam Ali tunamtambua kuwa Imamu tangu Mtume (s.a.w.w.) alipofariki, ingawa alitawala miaka isiyotimia mitano. Hasan aliachia serikali tu. Ndiyo maana wanazuoni wetu hushika hadithi kwamba Hasan na ndugu yake Husein ni maimamu, wasimame au wakae, yaani washike utawala au wasishike.

Kisha tazama jeshi lake. Ubaydullah bin Abbas, aliyepewa kikosi cha mbele, alihamia kwa Muawiya. Hasan mwenyewe alichomwa pajani huko Sabat, karibu na Madain, na mtu wa upande wake! Angepigana akiwa na nani nyuma yake?

Masharti ya sulhu yamepokewa kwa namna tofauti, hivyo usijenge hoja nzima juu ya sharti moja.

Ninapojadiliana na ndugu zetu Masunni, hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni ya Husein. Hasan alifariki mwaka 50 kwa kauli mashuhuri, naye Husein akaiheshimu sulhu hiyo miaka kumi hivi, mpaka Muawiya alipokufa mwaka 60. Husein alipotakiwa ampe Yazid, mwana wa Muawiya, baia (kiapo cha utii), akakataa. Anayemwita Hasan dhaifu na Husein shujaa aieleze miaka hiyo kumi.

Kama kuna riwaya mahususi inayokutatiza, iweke hapa tuitazame.