Bondi ipi, mwanangu?

Mwanangu Zaituni,

Salamu nyingi kutoka Arua. Umeniuliza kama hizo shilingi milioni 25 ulizoweka akiba ununue gari la Toyota Premio uachane na taksi za Mukono, zile basi ndogo za abiria, au uzitie kwenye bondi. Huko Kampala neno hilo lina mtego, maana hata yadi ya magari wanaiita bondi. Nitakujibu kwa bondi zote mbili.

Kwanza petroli. Mukono hadi mjini Kampala ni kama kilomita 21, kwenda na kurudi 42. Dalali atakuambia Premio inakwenda kilomita 14 kwa lita. Labda usiku wa manane. Kwenye jam ya Kireka hadi Nakawa injini inakunywa huku magurudumu yamesimama, kwa hiyo wewe hesabu 9. Hizo ni karibu lita 5 kwa siku. Lita ikiwa shilingi 5,000, siku 22 za kazi ni 550,000 kwa mwezi. Taksi na boda umesema zinakula 12,000 kwa siku, yaani 264,000. Bado hujalipa maegesho, bima, wala sevisi ya kila kilomita 5,000. Tenga angalau 200,000 nyingine kila mwezi kwa ajili hiyo. Na jam ni ileile, tofauti ni kwamba sasa usukani umeushika wewe.

Kwa milioni 25 huenda ukapata Premio ya kati ya 2001 na 2007 iliyokwisha kutumika hapa hapa, kwa sababu tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi. Ya cc 1,500 ndiyo salama zaidi. Ya cc 1,800 ya kabla ya 2005 ina ugonjwa wa kula oili: ringi za pistoni huganda kwa masizi, oili ikapanda juu na kuungua. Ya cc 2,000 yenye maandishi ya D4 iache, pampu na nozeli zake hazivumilii petroli chafu. Nenda kuliona asubuhi kabla halijawashwa, injini ikiwa baridi. Mtu akusimamie nyuma ya ekzosi unapowasha: moshi wa buluu ni oili. Ukikuta boneti ina joto ulipofika, kuna kitu wamekificha. Na fundi akikudai pesa za kubadilisha mkanda wa taimingi kwenye hizo injini, mwache, zinatumia cheni. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iwe na jina la huyo anayekuuzia, na usimalizie pesa kabla hujahakikisha kwamba gari halijawekwa rehani benki na halina faini.

Sasa bondi ya serikali: hapo unaikopesha serikali pesa kwa muda uliopangwa, nayo inakulipa riba. Benki yako ndiyo itakufungulia akaunti ya hati za serikali kule Benki Kuu, kisha unaagiza kupitia kwao. Kiwango cha chini ni shilingi 100,000 tu. Riba inaingia kila miezi 6. Chukua mfano wa milioni 10 kwa riba ya asilimia 15: kwa mwaka ni milioni 1.5. Riba ya bondi ya chini ya miaka 10 inakatwa kodi asilimia 20, kwa hiyo kila miezi 6 unapokea 600,000. Ya miaka 10 au zaidi inakatwa asilimia 10, unapokea 675,000. Hiyo tofauti isikuvute kufunga pesa utakazozihitaji kesho kutwa. Kuuza kabla ya muda kunawezekana, ila riba za sokoni zikiwa zimepanda, bondi yako ya zamani itanunuliwa kwa bei ya chini. Tena ukinunua iliyokwisha kutolewa zamani, unalipia na riba iliyojikusanya tangu malipo ya mwisho, kwa hiyo usishtuke benki ikikata zaidi ya ulivyotarajia. Hiyo ziada inarudi kwenye malipo yako ya kwanza ya riba.

Lakini barua yako nimeisoma mara mbili. Kinachokusumbua si kazi ya mjini, ni mjukuu wangu kupanda boda kwenda shule Seeta mvua ikinyesha. Hapo nakubaliana nawe kabisa. Ila safari hiyo haihitaji Premio. Tafuta gari dogo, Toyota Vitz ya cc 1,000 au 1,300, na isizidi nusu ya pesa zako. Mpeleke mtoto, liache gari Seeta mahali penye mlinzi, wewe panda taksi uendelee mjini. Milioni 3 zibaki pembeni kwa matairi, shokabsoba na betri, maana gari lililokwisha kutumika hudai matengenezo katika miezi ya mwanzo. Zitakazobaki zitie kwenye bondi ya miaka 2 au 3.

Kabla ya kulipa chochote nitumie picha ya logibuku. Na mjomba wako yuko Jinja, anajua injini, mwombe aje mwende pamoja.

Mama yako