Maswali na Majibu: Treni ya TAZARA mezani, meli ya Nyasa kabatini

Maswali ya safari hii kuhusu kujenga modeli za treni na meli yametoka Makambako hadi Kyela, na mengine yanahusu rangi. Naanza na la skeli, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara ngapi, maana ukikosea hapo hakuna rangi itakayokuokoa.

Nimekulia karibu na stesheni na treni ya TAZARA naijua. Nataka kujenga kichwa chake na mabehewa mawili. Jamaa kaniletea reli za HO kutoka Dar. Nijenge kwa skeli hiyo? (Makambako)

Hapana, labda kama unajenga treni ya SGR. HO ni skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake zina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utapata milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Ukijenga kichwa cha TAZARA kwa 1:87 halafu ukakisimamisha juu ya reli hizo, magurudumu yatakuwa yametanuka kupita kiasi. Mtu aliyekulia Makambako ataona kuna kitu hakijakaa sawa, hata akishindwa kukitaja.

Lakini reli usizitupe. Badili skeli ya treni. Kwa 1:64, reli hizo hizo za milimita 16.5 zinasimama badala ya reli ya milimita 1,056. Pengo la milimita 11 lililobaki, likipunguzwa mara 64, jicho halilioni. Watu wa New Zealand na Queensland, ambao nao wana reli ya 1,067, wameitumia njia hii kwa miaka mingi. Ubaya wake ni nafasi: behewa la mita 20 linakuwa na sentimita 31. Kama unajenga kwenye meza ya chumba cha kulala, tafuta reli za N zenye milimita 9 na ujenge kwa 1:120, behewa hilo litashuka hadi sentimita 17 hivi. Mimi ningebaki na 1:64, kwa sababu ngazi na vishikio unavitengeneza kwa waya mwembamba na vidole vyako, bila kibano wala miwani.

Mawili zaidi kuhusu njia yenyewe. Reli za kununua huja na mataruma ya rangi ya kahawia, kuigiza mbao. Ya TAZARA ni ya zege, kwa hiyo yapake kijivu kilichofifia kabla hujafunga chochote. Halafu kokoto. Wengi humwaga changarawe zenye punje kubwa kama mahindi, wakidhani wamemaliza kazi. Punje ya milimita 8 kwa skeli yako ni jiwe la nusu mita, treni haipiti hapo. Kokoto halisi ya sentimita 5 inakuwa chini kidogo ya milimita moja, maana yake mchanga uliopita kwenye chujio la chai. Umwage kati ya mataruma ukiwa mkavu, uusawazishe kwa brashi, kisha udondoshee kwa bomba la sindano gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya maji. Bila sabuni, gundi inabaki juu kama shanga na mchanga unaelea. Acha hadi kesho yake.

Nataka kujenga MV Mbeya II, meli ya Ziwa Nyasa, lakini sina michoro. Nitapataje vipimo? (Kyela)

Kwanza ruhusa. Bandari, madaraja na stesheni si mahali pa kutoa simu na kuanza kupiga picha. Nenda ofisi ya bandari, jieleze, ikiwezekana nenda na modeli uliyokwisha kujenga ili waone una nia gani.

Ukishakubaliwa, simama mbali na meli, ubavuni, usawa wa katikati yake. Ukisogea karibu, omo na tezi (mbele na nyuma ya meli) zinajikunja kwenye picha na vipimo vyote vinaharibika. Kisha tafuta kwenye picha kitu ambacho urefu wake unaujua. Wengi humsimamisha rafiki kando, na si vibaya, ila meli yenyewe imebeba rula yake. Tazama omoni, karibu na maji, kuna namba zinazoonyesha meli imezama kiasi gani. Kwa mtindo wa mita, kila namba ina kimo cha sentimita 10, na kutoka chini ya namba moja hadi chini ya inayofuata ni sentimita 20. Pima hizo kwenye picha iliyochapishwa, na meli nzima unayo.

Piga pia picha za mbele, za nyuma na za sitaha. Kwa skeli, chukua 1:100. Milimita moja ya rula yako ni sentimita 10 za meli, huhitaji kikokotoo.

Mimi ni seremala. Nimejenga jahazi la modeli kwa mbao za msindano, limepasuka ubavuni na limepinda kabisa kuelekea kushoto. Mbao zilikuwa nzuri. (Mafinga)

Fundi, kwa Mafinga mbao nzuri hazikosekani. Ninachohofia ni kwamba hizo zilikuwa bado mbichi. Ubao uliotoka kiwandani juzi unaendelea kusinyaa, na ukishagundishwa kwenye mataruma (mbavu za chombo) hauna pa kwenda ila kupasuka. Chana vipande vyembamba kwanza, vya milimita 1 hadi 2, vipange ndani ya nyumba vikiwa na nafasi katikati, mbali na jua na jiko, uvisahau kwa wiki kadhaa.

Kupinda ni kosa lingine, na hili maseremala wazoefu ndio hulifanya zaidi kwa sababu wamezoea kumaliza upande mmoja wa kazi kabla ya kwenda wa pili. Kwenye chombo hufanyi hivyo. Ubao mmoja kushoto, unaofuata kulia, usawa ule ule, hadi juu. Gundi inapokauka inavuta, na ukimaliza kushoto kote kwanza, mkuku (uti wa chini wa chombo) unavutwa upande huo na haurudi. Mkuku na mataruma vitoe kwenye plaiwudi, si kwenye msindano, maana plaiwudi haina mshipa wa kupasukia. Ubao wa omoni uloweke kwenye maji ya moto, uukunje taratibu kwenye kopo la bati lenye joto, uufunge kwa pini mpaka ukauke ndipo upake gundi. Ukiupaka gundi ungali na maji, umerudi kule kule kwenye kusinyaa.

Na kwa nini msindano kila mahali? Mistari yake ni mipana, kwenye chombo cha sentimita 50 inaonekana kama ubao wa mlango. Utumie ndani, utakakofunikwa. Kwa milingoti, kapi na usukani, watafute wakulima wa Mbozi au Rungwe wanaokata mibuni mizee. Mti wa mbuni ni mgumu, wenye nyuzi laini, na unakubali kuchongwa hadi unene wa njiti. Wengi wanaupikia tu. Mpera pia unafaa.

Nimepuliza rangi nyeusi kwenye kichwa cha treni jioni, mwezi wa sita. Asubuhi nikakuta kama imemwagiwa maziwa. Rangi feki? (Uyole)

Huenda rangi haina kosa. Thina inapoyeyuka inapoza kitu kilichopakwa, na jioni ya Juni Uyole kila kitu kimeshapoa. Unyevu wa hewani unatua juu ya rangi kabla haijakauka, na huo ndio weupe unaouona. Puliza saa sita hadi saa tisa mchana, siku yenye jua, na modeli yenyewe iwe imekaa ndani kwenye joto la kawaida. Kopo la rangi unaweza kulichovya kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache. Narudia, uvuguvugu. Kopo la kupuliza halikaribii jiko.

Hapo nasimama kidogo. Najua jinsi baridi ya huku inavyotufanya tuingize jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua kwa hewa yake peke yake, na mvuke wa thina ukiufikia moto unalipuka. Rangi na thina ni kazi ya nje au ya kibarazani, basi. Kama baridi imezidi, siku hiyo piga msasa.

Iliyokwisha kuharibika usiikwangue. Ngoja siku kavu, isugue kwa msasa wa maji namba 1000, pitisha koti moja jepesi. Koti jepesi maana yake bado unaona rangi ya chini kupitia humo. Matatu ya namna hiyo yanazidi moja zito, kwa sababu mabati, vioo na watu tumevipunguza vyote, ila rangi imetoka dukani na unene wake ule ule. Rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa skeli ya 1:100, ni tabaka la sentimita nzima juu ya meli. Misumari na maungio uliyoyachora kwa siku tatu yanazama humo.

Kuanzia Agosti shida itakuwa vumbi. Ukipuliza tu, funika kwa boksi safi.

Meli yangu imependeza lakini inaonekana ya kuchezea. Kosa ni nini? (Iringa mjini)

Inang'aa. Meli halisi ukiwa mbali kiasi cha kuiona nzima haikurudishii mwanga kama sufuria jipya. Maliza kwa vanishi isiyong'aa, na rangi nyeupe usiitumie kama ilivyotoka kwenye kopo, itie tone la kijivu. Rangi zote ziwe zimefifia kidogo kuliko za halisi, kwa sababu hewa iliyo kati ya jicho na meli hufifisha.

Halafu uchakavu. Kutu hushuka, haitapakai. Inaanzia penye tundu la nanga, kwenye bawaba, chini ya bomba la maji, na inateremka ikiwa mstari mwembamba unaopotea. Saga chaki ya kahawia, chukua kwa brashi kavu, vuta kutoka juu kwenda chini mara moja. Masizi ya bomba la moshi ni unga wa mkaa. Kwa treni, chekecha udongo mwekundu kwa kitambaa cha soksi ya kike na uupake sehemu za chini tu, kwenye magurudumu na ngazi. Modeli nyingi ninazoletewa zina kutu kila mahali kama meli iliyotelekezwa miaka 40. Ukiona imetosha, ilikuwa imetosha dakika tano zilizopita.

Mstari wa maji usiukadirie kwa macho. Weka meli imetulia juu ya meza sawa, funga penseli kwenye kipande cha mbao kwa kimo unachotaka, kisha kizungushe kipande hicho mezani ncha ikigusa ubavu.

Mwanangu wa darasa la sita anajenga meli kwa maboksi siku nzima. Nimnunulie nini? (Tukuyu)

Mama, bado usinunue kitu kikubwa. Rula ya chuma, gundi nyeupe ya mbao na wembe ambao atautumia ukiwepo. Maboksi ya biskuti yana kadibodi nzuri kuliko nyingi za dukani, njiti za meno ni nguzo za sitaha, uzi ni kamba. Mwambie apake gundi iliyotiwa maji pande zote mbili za kadibodi kabla ya rangi, isije ikalowa na kujikunja.

Nataka meli yenye historia ya ziwa letu, si ya Ulaya. (Songea)

Jenga Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani. Agosti 13, 1914, Waingereza walikuja na meli yao Guendolen na kuishambulia ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli. Ukiiweka juu ya reli zake za kupandishia, huna haja ya kuigiza maji, ila sehemu ya chini yote itaonekana, pamoja na rafadha (propela). Picha za zamani ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi itakuwa uamuzi wako na uuandike kwenye kibao.

Modeli ikishaisha niiweke wapi? (Njombe)

Kwenye kabati la kioo, mbali na dirisha la jua na mbali na ukuta unaotoa unyevu wakati wa masika. Fundi aluminiamu atakutengenezea boksi kwa mabaki ya kioo. Mwambie aache vitundu viwili vidogo nyuma, chini, kwa ajili ya hewa, na uvizibe kwa wavu wa mbu.