Pumwani ni ya kaunti

Dada yangu, umeuliza Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ni ya Wizara ya Afya au ya kaunti, na kama kweli ilianzishwa na mzungu. Ni ya Kaunti ya Nairobi. Na ndiyo, ilianza 1926 chini ya jina la Lady Grigg, mkewe gavana wa kikoloni Edward Grigg. Mwaka 1944 ikaingia mikononi mwa baraza la mji, ikakaa huko hadi ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti ikairithi pamoja na wafanyakazi wake.

Watu huichanganya na Hospitali ya Kenyatta. Hiyo ni ya taifa, shirika la umma lenye bodi yake tangu 1987. Pumwani bajeti yake hupitia City Hall, makao ya serikali ya kaunti, na bunge la kaunti, kwa hiyo ukisikia wauguzi wa kaunti wamegoma, wajawazito wa mitaa ya jirani, Majengo na Eastleigh, ndio wa kwanza kuhangaika. Waziri utampigia kelele bure. Malalamiko peleka kwa gavana wa kaunti.

Kuhusu mafunzo: pale pale kuna shule ya uuguzi na ukunga. Kwa hiyo usishtuke ukiona wanafunzi wamezunguka kitanda, mmoja akimpima mama tumbo kwa mikono huku mkunga mzee akimsahihisha. Kwa maoni yangu hakuna darasa la ukunga Nairobi linalolishinda hili, maana akina mama hawakomi kufika mlangoni, usiku na mchana.