Muulize Mwalimu: Hamali wa Mgandini na gari la barafuni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 20, nasukuma mkokoteni soko la Mgandini hapa Tanga. Juzi kwenye kibanda cha video tuliwaona Wajamaika wanasukuma gari lisilo na magurudumu kwenye barafu, kisha wanarukia ndani. Wenzangu walicheka sana. Mimi sikucheka, maana niliona wanavyoinama ni vilevile tunavyoinama sisi tukitoka na mzigo. Nilipomhadithia mjomba, akasema watu wa nchi za joto wakienda kwenye theluji wanakwenda kushika mkia na kuaibisha bendera. Je, kuna faida gani kusafiri mbali hivyo ukawe wa mwisho? Na mtu kama mimi anaweza? (Hamali, Ngamiani)

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Jicho lako limeona sawasawa, kwa sababu timu ya Jamaika ilianzia kwenye mikokoteni. Kule wachuuzi wana mikokoteni yao ya mbao, na yapo mashindano ya kushuka nayo mteremkoni. Wamarekani wawili waliokuwa wakiishi kisiwani waliyatazama, wakakumbuka bobsledi, maana ndilo jina la lile gari. Wakaenda kutafuta vijana jeshini. Aliyeshika usukani, Dudley Stokes, alikuwa rubani wa helikopta. Mwaka haujatimia tangu waanze mazoezi, wakawa Calgary, Kanada, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 1988.

Usidhani gari lile ni jepesi. La watu wanne, likiwa tupu, halipungui kilo 210: magunia mawili ya mahindi na ziada. Injini halina. Mnasukuma kama mita 50 za mwanzo, sekunde tano na nukta hivi, mnarukia ndani, na kilichobaki ni mteremko. Ulichokipoteza pale juu hukipati tena huko chini. Wewe unajua mkokoteni uliojaa unavyogoma kuondoka: ukitanguliza mikono, miguu inateleza. Sharti kiuno kishuke, unyayo ushike ardhi, mzigo uanzie mguuni ndipo mikono ifuate. Barafuni ni hivyohivyo, ila soli ya kiatu imejaa vimisumari vidogo kama ncha za sindano.

Kule Calgary, mbio ya tatu, gari lao lilipinduka. Likaserereka ubavu huku helmeti zao zikikwaruza barafu. Walipotoka, walitembea kwa miguu kando ya gari lao hadi mwisho wa njia. Labda hiyo ndiyo mjomba anayoiita aibu. Basi mwambie mwaka 1994, Olimpiki ya Lillehammer, Norwei, walishika nafasi ya 14, mbele ya Marekani na Urusi. Na kisiwa chenyewe hakifiki nusu ya Mkoa wa Tanga kwa eneo.

Wapo na dada zetu wa Naijeria. Seun Adigun alishakimbia mbio za viunzi Olimpiki ya London 2012. Mwaka 2016, huko Houston, Marekani, akaunda gari la mbao kwa mikono yake gerejini, la kujifunzia kusukuma. Mbao, mwanangu! Na sisi tuna mafundi wa majahazi pwani yote hii. Akajiunga na Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga, wakachangisha fedha mtandaoni, na mwaka 2018 Pyeongchang, Korea Kusini, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kwenye bobsledi ya Olimpiki. Walikuwa wa 20 kati ya magari 20. Sikufichi, wale walikulia Marekani, makocha na njia za barafu wanavyo nchi hiyohiyo. Wewe huna.

Sasa hili la kushika mkia. Philip Boit wa Kenya alikuwa mkimbiaji tu, amekulia Bonde la Ufa. Skii, yaani kuteleza thelujini kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, alianza kujifunza mwaka 1996 huko Ufini. Mwaka 1998 akawa kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano, Japani, mbio za skii za kilomita 10. Siku hiyo mvua ilinyesha, theluji ikawa inanata. Bjørn Dæhlie wa Norwei alichukua dhahabu kwa dakika 27 na ushei. Boit alifika kwa dakika 47 na ushei, wa 92, nyuma yake hakuna mtu. Lakini mwisho wa njia palikuwa na mtu. Dæhlie alimsubiri dakika 20 nzima, sherehe ya medali ikacheleweshwa kwa ajili hiyo, na Boit alipovuka mstari wakakumbatiana. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Habari hii inaniuma, na nitakwambia kwa nini. Miaka ile nafundisha, nilikuwa mshika saa uwanja wa Mkwakwani, mashindano ya shule, mita 3000 wasichana. Walipofika sita wa kwanza, utepe ukakunjwa na wapiga ngoma wakaingia uwanjani. Alibaki binti mmoja, ana mzunguko na robo, peku, sketi ya shule kaibana pembeni kwa pini. Alipita katikati ya wapiga ngoma. Mmoja akavuta ngoma yake kwa mguu ili apate njia. Alipomaliza hakukaa chini. Alikuja kwangu moja kwa moja, anahema, akauliza, "Mwalimu, nimetumia dakika ngapi?"

Saa nilikuwa nimeshaizima. Sikuwa na la kumjibu. Jumatatu hakuja mazoezini, na hakuja tena.

Mjomba akisema aibu, mimi najua siku ile ilikuwa ya nani.

Kuhusu wewe kuweza: Tanzania haijawahi kupeleka mchezaji Olimpiki ya baridi, na barafu ya Kibo haisaidii kitu. Mchezaji hajipeleki mwenyewe, anaingizwa na kamati ya Olimpiki ya nchi yake, na kabla ya hapo lazima kuwe na chama cha mchezo huo na mbio za kufuzu huko nje. Fedha zake ni nyingi. Nisingependa uache kazi inayokulisha kwa ajili ya picha ya kwenye video. Ila timu hizi huwatafuta wasukumaji wake kwa wakimbiaji wa mbio fupi, na mbio fupi unaweza kuzianza wiki hii hapahapa Tanga, bila nauli.

Jumapili soko likipungua, tafuta lami tambarare, pima mita 50 kwa kamba, chora mstari kwa chaki kila upande. Pakia magunia mawili. Mwenzako aanzishe saa ya simu gurudumu linapojisogeza, aizime gurudumu linapovuka chaki. Rudia mara nne, pumzika dakika tano kila mara. Halafu mita hizohizo ukimbie bila mkokoteni, mara nne tena. Andika zote nane, hata ile mbaya kuliko zote, uje nazo Mkwakwani Jumamosi jioni. Watoto ninaowafundisha watakuonyesha nilipo.

Na mjomba umchukue siku ya kupima. Yeye ndiye ashike saa.