Yadi moja, haraka mbili: kwa unayeanza kazi ya vifurushi Kigoma

Mdogo wangu, jambo la kwanza ninalotaka ulishike ni kwamba wewe na watu wa reli mnatumia yadi moja ya kupakia na kushushia mizigo lakini hamhesabu kitu kimoja. Wewe unahesabu saa. Mama mwenye duka la vitenge pale Mwanga, hapa mjini, amekulipa ili mzigo wake ufike kabla ya siku ya soko, na ukichelewa anakupigia simu wewe wakala wake, hampigii stesheni masta. Reli inahesabu tani na mabehewa. Saruji ikilala behewani siku moja zaidi, bado ni saruji ileile na bei yake ni ileile. Ugomvi mwingi ninaouona getini unazuka kwa sababu kila upande unadhani mwenzake ni mzembe, kumbe anapimwa kwa kipimo kingine.

Kigoma ugomvi huo hauna pa kukimbilia, maana mlango ni mmoja. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na tangu mwanzo ilikusudiwa kuungana na ziwa. Njia za treni zinaingia hadi bandarini. Kontena likishuka behewani linaweza kupanda meli kwenda Bujumbura au Kalemie, au likapanda lori kwenda Kasulu na Kibondo. Mwenye saruji, mwenye mafuta, mwenye chakula cha misaada cha kambi za wakimbizi na wewe mwenye katoni za simu na vipuri vya pikipiki, wote mnasubiri kreni ileile.

Wageni wa kazi hii huuliza, "Treni inaondoka lini?" Swali hilo halikusaidii sana. Uliza mwisho wa kupokea mzigo ni saa ngapi, kisha uliza kontena litakuwa juu ya lori langu saa ngapi upande wa pili. Kati ya saa hizo mbili ndimo biashara yako ilimo, na sehemu kubwa ya muda huo magurudumu hayazunguki. Behewa linasubiri kujazwa, linasubiri kupangwa kwenye treni, linasubiri kichwa cha treni cha kulivuta. Kisha kuna Tabora. Pale njia zinagawanyika: moja inapanda Isaka na Mwanza, nyingine inakuja kwetu, na mbele kidogo Kaliua kuna tawi la Mpanda. Treni yenye mabehewa ya kila upande lazima ivunjwe na kupangwa upya Tabora, na behewa lako linaweza kulala hapo likingoja wenzake wa Kigoma. Treni iliyofungwa Dar ikiwa nzima ya Kigoma haina shida hiyo. Kwa hiyo ukipewa nafasi mbili, moja kwenye treni ya mchanganyiko inayotoka leo na nyingine kwenye treni nzima inayotoka kesho, usikimbilie ya leo kabla hujauliza itafanyiwa nini Tabora.

Wenzetu Marekani wamelifanyia kazi jambo hili kwa muda mrefu, na inafaa kujua walivyofanya. Kampuni ya vifurushi ya UPS ilifungua kituo kikubwa cha kuchambulia mizigo mwaka 1995 huko Hodgkins, nje ya Chicago, kikipakana na yadi ya reli ya Willow Springs, ambayo leo ni ya kampuni ya reli ya BNSF. Tela likishajaa linavuka kwenda kwenye treni bila kuingia kwenye foleni za jiji. Faida ya ujirani huo ni dakika: kila dakika isiyopotea barabarani inamwezesha mwenye vifurushi kupokea mzigo hadi saa ya mwisho kabisa. Reli nayo inapata mteja anayekuja kila siku na mzigo unaotabirika, kwa hiyo inaona faida ya kupanga treni kwa saa zake. Sisi hatuna wingi ule. Lakini kutabirika hakuhitaji wingi. Wakala anayeleta kontena moja kila wiki, siku ileile, saa ileile, nyaraka zikiwa kamili, nimeona anavyosikilizwa yadini kuliko anayeleta matano kwa mpigo halafu anapotea mwezi mzima.

Kuna funzo lingine la yadi za kule ambalo ningependa kila kijana wa Kigoma alielewe. Baadhi ya yadi hushusha kontena moja kwa moja juu ya tela: dereva anakuja, anaunganisha, anaondoka. Nyingine hushusha chini na kupanga kontena juu ya kontena. Njia ya kwanza inakula eneo kubwa na matela mengi, ya pili inaokoa eneo lakini kila kontena la chini linadai la juu liondolewe kwanza. Yadi yetu ikibanana, kontena la vifurushi likiwekwa chini ya la mzigo usio na haraka, hapo tayari umepoteza muda hata kama treni iliwahi. Dawa yake haipatikani kwa kupiga kelele siku ya kuchukua. Siku moja kabla ya treni kuingia, peleka orodha ya makontena yako kwa msimamizi wa yadi, onyesha lipi linachukuliwa kwanza na lori gani litakuwa pale. Peleka kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyopokelewa. Na lori liwepo kweli. Ukiomba upendeleo wa kunyanyuliwa mwanzo halafu dereva wako yuko Ujiji anakula, safari ijayo hutasikilizwa, na watakuwa na haki.

Sasa tuje kwenye kontena la kuchangia, kwa sababu hapo ndipo wakala mdogo anasimama au anaanguka. Reli inapenda kontena zima, wewe una vifurushi vya watu wengi. Kuvikusanya ndani ya kontena moja ndiyo njia ya kuzungumza na reli kwa kipimo chake. Ila kumbuka kwamba kontena linakwenda kwa mwendo wa kifurushi chake kibovu kuliko vyote. Mtu mmoja ameandika "nguo" na ndani kuna dawa za binadamu, forodha ikilifungua, wateja wengine wote wanasubiri pamoja naye. Fungua kila kifurushi mbele ya mwenyewe kabla hujakipokea. Asiyetaka kufunguliwa, mrudishie mzigo wake kwa heshima. Usichanganye kamwe mzigo wa transiti unaovuka kwenda Kongo au Burundi na mzigo wa kushukia hapa, hata kama nafasi imebaki na roho inakuuma. Utaratibu wao wa forodha ni tofauti, na lakiri, yaani kifungo chenye namba kinachofunga mlango wa kontena, haivunjwi kwa ajili ya katoni mbili za Mwanga. Namba ya lakiri iandike kwenye hati, ipige picha, isome tena mlango ukishafungwa.

Upakiaji wenyewe ni akili ya kawaida: vizito chini na katikati, vya kushuka mwanzo karibu na mlango. Upande wa kurudi ndio unahitaji uangalifu zaidi. Mawese na dagaa ndiyo mizigo yetu, na harufu ya dagaa ikishaingia kwenye mbao za sakafu, kontena hilo usilipakie nguo mpaka lioshwe na kukaushwa jua kali.

Kuhusu gharama za kuchelewa, jifunze kwamba kuna saa tatu zinazotembea kwa wakati mmoja. Behewa lina saa yake kwa reli. Eneo la kuhifadhia lina saa yake kwa bandari. Kontena lenyewe, kama ni la kampuni ya meli za baharini, lina saa yake nyingine, na hiyo haisimami mpaka kontena tupu lirudi kwa mwenyewe. Vijana wengi hulipa ya kwanza wakadhani wamemaliza. Siku za bure za kila moja, yaani kabla tozo haijaanza, ziulize kabla ya kumtajia mteja bei.

Masika yakianza, mwambie mteja ukweli mapema. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuata bonde la mto na imekatwa na mafuriko mara nyingi, na tuta likibebwa huko, yadi ya Kigoma inakauka, halafu siku njia ikifunguliwa inafurika treni mfululizo. Ile siku ya kufurika ni mbaya kuliko siku za ukame, kwa sababu kila mtu anataka kreni. Panga malori yako kwa siku hiyo.

Jambo la mwisho linahusu kesho yako. Mkataba wa kujenga SGR, reli mpya ya kisasa, ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Upana wa reli hiyo ni milimita 1,435, hii ya zamani ni 1,000, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kupita kule. Popote zitakapokutana, kinachovuka ni kontena, na mtu wa kulivusha ni lazima ajue kupanga yadi, kusoma nyaraka na kuendesha mashine za kunyanyulia. Ukisikia kuna mafunzo ya kazi hizo, omba nafasi hata kama bosi wako anaona bado mapema.